Barua ya Wazi kwa Maofisa Masuuli na Wakuu wa TEHAMA: Antivirusi Ipimwe Kabla ya Kulipiwa

Kwa Maofisa Masuuli wa taasisi za umma, wakuu wa vitengo vya TEHAMA na vya ununuzi, na wajumbe wote wa kamati za tathmini ya zabuni,

Kwa heshima na taadhima ninawaandikia nikiwa afisa TEHAMA wa halmashauri ya wilaya, mwenye miaka kumi na moja ya kuhudumia kompyuta za ofisi, za vituo vya afya na za shule, na ambaye mara nne nimekaa katika kamati ya kutathmini zabuni za programu za antivirusi. Mara zote nne tulichagua bila ushahidi. Ninasema "tulichagua" kwa sababu saini yangu imo katika kila muhtasari, na barua hii haikusudii kumshtaki mtu. Inaomba utaratibu ubadilike kabla ya leseni nyingine kulipiwa kwa fedha za wananchi.

Nianze na tukio moja. Mwakilishi wa mzabuni alikuja mbele ya kamati na kompyuta mpakato mbili, moja ikiwa na bidhaa yake na ya pili ikiwa na bidhaa ya mshindani. Alichomeka flashi yenye faili dogo kwenye ile ya kwanza, dirisha jekundu likajitokeza papo hapo na faili likafutwa. Alipoichomeka kwenye ile ya pili, haikusema kitu. Wajumbe waliridhika, na alama za kigezo cha "uwezo wa kutambua virusi" zikaandikwa kabla hatujainuka vitini. Faili lile halikuwa kirusi hata kidogo. Lilikuwa faili la majaribio la EICAR, mstari mmoja wa herufi na alama 68 ulioandaliwa barani Ulaya ili mtumiaji aweze kuhakikisha kwamba antivirusi yake imewashwa, na watengenezaji wamekubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Kulitumia kulinganisha ubora wa bidhaa ni sawa na kupiga honi za magari mawili ili kujua lipi lina breki nzuri. Nilipoikagua kompyuta ya pili baada ya kikao, nilikuta ulinzi wake wa muda wote umezimwa. Nilieleza nilichokiona, nikajibiwa kwamba muhtasari umekwisha kusainiwa.

Tangu siku hiyo nimejifunza jinsi watu wanaofanya kazi hii kwa uzito wanavyoifanya. Zipo maabara zinazojulikana: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, SE Labs ya London, na Virus Bulletin ya Uingereza, ambayo imekuwa ikitoa cheti chake cha VB100 tangu mwaka 1998. Utaratibu wao, ukiacha tofauti ndogondogo, ni rahisi kuueleza ingawa ni mgumu kuutekeleza. Kompyuta zote huwa za aina moja, zenye mfumo endeshi mmoja na masasisho yaleyale, na kila baada ya jaribio moja hurudishwa katika hali ileile ya mwanzo. Bidhaa zote hukutanishwa na tishio lilelile kwa wakati mmoja, kwa maana kirusi ambacho bidhaa fulani haikukijua saa tatu asubuhi huenda imekwisha kukijua saa nane mchana, na anayepimwa mchana atakuwa amependelewa. Tena mpimaji hatosheki na kuagiza antivirusi ikague folda iliyojaa virusi; hufungua kiungo chenye hatari kama ambavyo mtumiaji angekifungua, huacha faili lishuke na lijiendeshe, kisha hutazama kama lilizuiwa katika hatua yoyote na kama kompyuta imebaki salama. Bidhaa inayokamata kirusi kinapoanza kubadilisha mafaili imefanya kazi yake hata kama haikukitambua kikiwa kimelala.

Sisi, badala ya kusoma jinsi kipimo kilivyofanyika, tumekuwa tukisoma namba iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye kipeperushi. "Asilimia 99.8" dhidi ya "asilimia 99.4" imewahi kuamua zabuni mbele ya macho yangu. Ikiwa jaribio lilikuwa na sampuli 500, yaani mafaili 500 yenye virusi, maana ya namba hizo ni kwamba bidhaa ya kwanza ilikosa sampuli 1 na ya pili ikakosa 3. Tofauti ya mafaili mawili ni tofauti ambayo bahati peke yake inaweza kuileta, na jaribio lilelile likirudiwa wiki inayofuata kwa sampuli nyingine, nafasi zao zinaweza kubadilishana. Hata asilimia 100 haina budi kuulizwa maswali: kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, bidhaa iliyokamata sampuli zote 300 bado inaweza, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kuwa inakosa hadi kirusi 1 katika kila 100. Ndiyo maana AV-Comparatives huzigawa bidhaa katika makundi ya tuzo, na bidhaa zilizomo katika kundi moja huhesabiwa kuwa zimelingana. Kamati zetu zinapompa mmoja alama 20 na mwenzake alama 17 kwa tofauti ya namna hiyo, zinaandika bahati nasibu kwa lugha ya tathmini.

Baada ya idadi ya sampuli, linakuja suala la nani alizichagua. Mzabuni anayeleta mwenyewe mkusanyiko wa virusi vya kumpimia mshindani wake analeta mtihani ambao amekwisha kuusahihisha. Wapo pia wenzangu wanaopeleka faili kwenye VirusTotal, huduma ya mtandaoni inayokagua faili kwa antivirusi nyingi kwa pamoja, iliyoanzia Málaga, Hispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, kisha wakahesabu ni injini zipi, yaani sehemu za antivirusi zinazotambua virusi, zimelitambua na kutoa hukumu. VirusTotal wenyewe wanaonya kwamba huduma yao haifai kwa ulinganisho, kwa kuwa injini zilizopo pale si bidhaa kamili zinazokaa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Lipo jambo jingine linalonitia shaka zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya antivirusi ya Kaspersky ilieleza kwamba ilipeleka huko mafaili 20 yasiyo na madhara yoyote, na kati ya hayo 10 ikayabandika kwa makusudi alama ya kuwa ni virusi. Siku kumi baadaye, hadi kampuni nyingine 14 zilikuwa zinayatambua kuwa hatari. Ikiwa watengenezaji hunakiliana majibu kiasi hicho, kuhesabu wangapi wamesema "kirusi" si kuhesabu mashahidi waliojionea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike, yaani hali ya kompyuta tunazozilinda. Maabara za Ulaya hupima kompyuta zilizounganishwa na intaneti ya kasi, kwa sababu antivirusi za leo hutegemea sana kuuliza seva za kampuni kabla ya kutoa uamuzi. Kompyuta ya zahanati iliyo kilomita 70 kutoka makao makuu ya wilaya haiko hivyo. Huweza kukaa wiki mbili au tatu bila intaneti, ikipokea taarifa kwa flashi inayopita kwenye steshenari, kwenye kompyuta ya mwalimu na kwenye ofisi ya kata kabla ya kurudi. Virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake, ambavyo kila afisa TEHAMA wa wilaya anavijua kama anavyoijua njia ya kwake, huenea kwa mkondo huo. AV-Comparatives, katika jaribio lake la kinga dhidi ya programu hasidi (virusi na programu nyingine za kudhuru), huandika kiwango cha utambuzi bidhaa ikiwa nje ya intaneti na kiwango chake ikiwa imeunganishwa, na kwa baadhi ya bidhaa tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa mno. Safu hiyo ya nje ya intaneti ndiyo inayohusu zahanati zetu. Katika zabuni nne nilizoshiriki, hakuna mjumbe mwingine aliyeiuliza, wala mimi sikuiuliza katika tatu za mwanzo, na hakuna mzabuni aliyeitaja.

Vivyo hivyo kwa uzito wa programu. Bidhaa ambayo haionekani kabisa kwenye kompyuta mpya yenye diski ya kisasa yaweza kuifanya kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 na diski ya zamani ichukue dakika nyingi kuwaka. Nimewaona wahudumu wa mapokezi, huku foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni, wakizima antivirusi kila asubuhi ili mfumo wa usajili ufunguke. Siwalaumu, kwa sababu tulinunua kinga wasiyoweza kuivumilia, na ilipokwisha kuzimwa ikawa haina thamani yoyote, iwe ina tuzo au haina.

Ninaomba pia tahadhari za uongo zipewe uzito unaostahili, kwani katika hadidu zetu za rejea hazijawahi kupewa hata alama moja. Tuchukulie kompyuta yenye mafaili 200,000 yaliyo salama, na antivirusi inayokosea mara 1 tu katika kila mafaili 10,000, kiwango ambacho kwenye kipeperushi kingeonekana cha kujivunia. Kompyuta hiyo itatoa tahadhari 20 za uongo. Kama mafaili yenye virusi kweli ni 2 na yote yamekamatwa, mtumiaji ataona tahadhari 22 ambazo 20 kati yake si kweli, na haitachukua muda kabla hajazoea kubofya "ruhusu" bila kusoma. Madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko usumbufu. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la antivirusi ya McAfee lililidhania faili muhimu la Windows XP, svchost.exe, kuwa ni kirusi, na kompyuta katika maofisi na hospitali za nchi mbalimbali zikashindwa kufanya kazi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye hitilafu la CrowdStrike, kosa la aina tofauti lakini lililotoka katika mlango uleule wa programu ya ulinzi, liliangusha kompyuta ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5.

Kwetu sisi tatizo hili lina sura yake. Maabara huchagua mafaili salama ya majaribio kutoka kwenye programu zinazotumiwa na watu wengi duniani. Programu ya kutunza leja ya dawa iliyoandikwa na kijana wa mkoani kwetu, isiyo na saini ya kidijitali na inayotumika kwenye kompyuta 60 tu, haimo katika orodha hiyo na haitakuwemo. Antivirusi zinazopima sifa ya faili kwa kuangalia ni watu wangapi wanalo huliona faili hilo geni na kulishuku. Ijumaa moja programu hiyo ilifungiwa na antivirusi tuliyoinunua, na vituo vitatu vya afya vikaandika mapokezi ya dawa kwenye madaftari hadi Jumatano. Hakuna maabara ya Innsbruck wala ya Magdeburg inayoweza kutupimia jambo hilo. Tunapaswa kulipima wenyewe.

Hata ripoti nzuri inaweza kupotoshwa na anayepimwa. Mwaka 2015 AV-Comparatives, AV-TEST na Virus Bulletin walitoa tamko la pamoja na kuifutia vyeti vya mwaka huo kampuni ya Qihoo 360, baada ya kubaini kwamba toleo lililopelekwa maabara lilikuwa na injini ya kampuni nyingine, Bitdefender, imewashwa, ilhali watumiaji wengi walipewa toleo ambalo injini hiyo imezimwa. Kilichopimwa hakikuwa kile kilichouzwa. Upande wa simu hali ni mbaya zaidi: mwaka 2019 AV-Comparatives ilipima programu 250 za Android zilizojiita antivirusi, na ni 80 tu zilizotambua zaidi ya asilimia 30 ya programu hasidi bila kutoa tahadhari za uongo. Baadhi ya zilizobaki zilishuku kila programu isiyokuwa kwenye orodha yao, na zipo zilizojishuku zenyewe kwa kuwa mtengenezaji alisahau kujiandika. Watumishi wetu wanatumia simu hizo kufungua barua pepe za kazi.

Nisieleweke kuwa ninasema maabara zote zimeharibika. Nyingi hupokea malipo kutoka kwa kampuni zinazopimwa, na hilo ni jambo la kulijua unaposoma ripoti, lakini tangu mwaka 2008 upo umoja wa AMTSO, unaojumuisha wapimaji na watengenezaji, ambao umeweka misingi ya upimaji na baadaye viwango vinavyomtaka mpimaji atangaze mapema mpango wa jaribio na namna linavyogharimiwa. Ripoti inayoonyesha mpango wake, idadi na asili ya sampuli, tarehe, matoleo na mipangilio ya bidhaa inaweza kubishaniwa kwa hoja. Kipeperushi hakibishaniwi, na kwa sababu hiyo hakifai kuwa ushahidi katika matumizi ya fedha za umma.

Ninachoomba, basi, ni haya. Kwanza, hadidu za rejea zimtake kila mzabuni awasilishe ripoti kamili za maabara mbili zisizo na uhusiano, za miezi kumi na miwili iliyopita, zikiwemo zile ambazo hakufanya vizuri, na toleo atakaloleta liwe lilelile lililopimwa, kwa mipangilio ileile. Ulinganisho wowote uijumuishe Microsoft Defender, antivirusi ambayo huja na Windows bila leseni ya ziada na ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu kwa AV-TEST. Mzabuni atuonyeshe fedha zetu zinaongeza nini juu ya kile tulichonacho tayari. Huenda jibu likawa usimamizi wa kompyuta zote kutoka sehemu moja au kinga bora ya seva, na hayo ni majibu halali, lakini yasemwe na yapimwe.

Pili, kabla ya mkataba kusainiwa, bidhaa mbili au tatu zilizofika mwisho zijaribiwe kwa wiki tatu kwenye kompyuta za taasisi yenyewe, zile za zamani zikiwemo, na wiki mbili kati ya hizo ziwe bila intaneti. Mpimaji wa kompyuta asiambiwe bei ya bidhaa anayoipima. Upimwe muda wa kompyuta kuwaka, muda wa kufungua mfumo wa usajili na jedwali kubwa, na kila programu ya kienyeji inayotumiwa katika taasisi ifunguliwe na kuandikwa kama imezuiwa. Vigezo na uzito wake viandikwe kabla ya matokeo kuonekana, kwa maana anayeweka vigezo baada ya kuona namba hakosi kumpata mshindi anayempenda.

Upimaji wa virusi halisi si kazi ya ofisi ya halmashauri, na ninawasihi maofisa wenzangu wasijaribu kuvitengeneza au kuvichezea kwenye mtandao wa kazi. Mwaka 2006 jarida la Consumer Reports la Marekani lilikosolewa vikali na wataalamu kwa kutengenezewa virusi vipya zaidi ya 5,000 kwa ajili ya jaribio, na ukosoaji huo ulikuwa na msingi, kwani kirusi kisichopo mitaani hakipimi hatari iliyopo mitaani. Mahali pa kazi hii ni maabara iliyotengwa na mtandao, yenye kompyuta pepe, yaani zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, zinazoweza kurudishwa nyuma kila baada ya jaribio. Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wana watu wa kuifanya. Ninaiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao itukutanishe nao, ili flashi zenye virusi tunazozikusanya wilayani zipelekwe mahali pamoja, zigeuzwe kuwa sampuli zinazoakisi kinachotushambulia kweli, na matokeo yatolewe hadharani pamoja na mbinu zake, ili mzabuni aliyeshindwa aweze kuyapinga kwa ushahidi na si kwa barua ya malalamiko.

Ninajua kwamba mwaka wa fedha hausubiri mtu, na kwamba afisa ununuzi anayekaribia tarehe 30 Juni hana wiki tatu za ziada. Lakini leseni hununuliwa kwa mwaka mmoja au mitatu, na tarehe ya kumalizika kwake inajulikana tangu siku ya kuanza. Jaribio likipangwa mwezi Februari halichelewi.

Kwa upande wangu, nimekwisha kutenga kompyuta tano za aina moja, orodha ya programu kumi na saba za kienyeji zinazotumika wilayani, na flashi arobaini zilizofungwa kwenye bahasha na kuandikwa zilikotoka. Kinachokosekana ni kibali cha kuanza.

Wenu katika utumishi wa umma,

Afisa TEHAMA, Nyanda za Juu Kusini